Mvi za Kilimani

9 Februari

Kitindamimba wetu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na wale watoto wawili wasiojua kutembea ila kukimbia. Mimi nipo. Mwenye nyumba amenipakia chumba rangi ya kijani ya hospitali na anasema ni zawadi, kwa hiyo kila nikiamka najipapasa kwanza nijue wapi panauma. Mwambie wifi kile kitambaa nimekishona gauni, na kazini wameniuliza ni harusi ya nani.

Baba vipi? Usiniandikie "anaendelea vizuri" kama kawaida yako. Niandikie anakula nini, na kama bado anaamka alfajiri kufagia uwanja.

Sasa jambo lenyewe, na ukilisoma kaa chini kwanza. Unaijua kazi yangu: mimea iliyokaushwa na watu wa zamani na wa sasa inaletwa kwetu, mimi naigundisha na kuishona juu ya karatasi nene, pembeni naweka lebo inayosema ilichumwa wapi, lini na nani, kisha inaingia kabatini. Watu wakiniuliza nafanya nini mjini nawaambia nazika majani kwa heshima. Wiki iliyopita idara ya ujenzi ilimwandikia mkuu wetu, ambaye sisi tunamwita Bwana Lenzi kwa sababu kile kioo chake cha kukuzia hakimtoki shingoni hata akienda msalani. Wanataka kukivunja kilima cha nyuma ya nyumba yetu wapate kokoto za barabara. Nyumba zote za chini ya kilima zitahamishwa, na yetu ndiyo ya kwanza.

Lakini sheria inawataka waulize kama kuna mmea wa kilima hicho usiopatikana kwingine. Bwana Lenzi akanituma kabatini, nikarudi na karatasi tatu za mmea mmoja mtambazi. Vitabuni unaitwa klematisi. Ni ule sisi tuliouita mvi, kwa sababu ukikomaa mbegu zake zinatoa nywele nyeupe, na mti uliofunikwa nao unaonekana kama kichwa cha bibi. Karatasi ya kwanza iliachwa na mgeni mmoja wa enzi za wapagazi. Mbili zilizobaki ni za Baba, za ile miaka aliyokuwa akilikusanyia kabati hili mimea.

Sikuhitaji kusoma lebo. Unakumbuka alivyokuwa akibana mimea yake katikati ya mbao ikauke: shina refu analikunja lienee kwenye karatasi, halafu jani moja, moja tu, analigeuza tumbo juu, ili atakayeliangalia mbele ya safari aone pande zote mbili bila kulivunja. Wewe hukuipenda kazi ile, ulikimbilia mbao, lakini najua unakumbuka. Nililiona lile jani lililogeuzwa nikakaa sakafuni, katikati ya makabati, nikalia hadi msafishaji akaniletea maji.

Kikao cha uamuzi ni mwishoni mwa Juni. Bwana Lenzi anasema karatasi za zamani zinasema mmea ulikuwapo, hazisemi upo. Linatakiwa tawi la mwaka huu. Panda kilimani ulitafute, mdogo wangu. Baba amesahau mengi, lakini ndani ya nyumba ile mikono yake inajua kila kitu: mlango uko wapi, maji yako wapi, ukuta upi wa kupapasa kwenda msalani. Tukimhamisha tutakuwa tumemzika akiwa bado anapumua.

Dada yako.


2 Machi

Dada wa mjini,

Salamu zako zimefika na tumegawana, kila mtu kapata zake. Mama watoto anasema kitambaa kimebaki kidogo, ukitaka blauzi ya mtu mwenye mkono mmoja useme. Mkubwa wetu, yule Kiherehere wako, ameng'oka jino, kalipoteza, na anamshuku kila kuku wa hapa nyumbani. Kazi ya useremala ipo. Ajabu ni kwamba watu wanaendelea kuagiza milango ilhali wanajua nyumba zitavunjwa. Labda wanataka wavunjiwe vizuri.

Baba anaendelea vizuri. Asubuhi anakula uji, jioni viazi. Uwanja anaufagia, siku nyingine mara mbili kwa kuwa kausahau ule ufagiaji wa kwanza, ndiyo maana uwanja wetu hauna mpinzani. Umeridhika?

Kilimani nimepanda, nimezunguka hadi suruali imechanika magoti. Sikuona mvi popote. Kila mti umebebana na mtambazi wake na yote ni kijani tupu. Mimi na wewe tulikuwa tukiziona mvi mwezi wa Agosti. Bila mvi mmea ule siujui hata ukinisalimia kwa jina. Na kikao hakitangoja Agosti.

Wapimaji wamekwishafika. Wamepiga alama nyekundu kwenye ukuta wetu, kando ya mlango. Baba aliifuta kwa kitambaa na maji, kwa subira, kama anavyofuta vumbi kwenye picha ya Mama. Kesho yake wakairudia, naye akaifuta tena. Sikumwambia ni ya nini.

Dada, njoo. Macho yako yamezoea majani, yangu yamezoea misumari. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Najua mara ya mwisho ulipokuja Baba alikuuliza wewe ni mgeni wa nani, ukaondoka hata chai haijapoa. Lakini mwaka umepita sasa.

Mdogo wako.


14 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote, na mwambie Kiherehere kuku hawali meno. Mimi mzima.

Nakuandikia haraka nikiwa mezani, gundi mkononi, basi linaondoka mchana. Usitafute mvi. Tafuta hivi: majani yanaota mawili mawili yakitazamana, na hakuna uzi wa kujishikia kama wa maboga. Kinachoshika ni kikonyo cha jani lenyewe. Kile kikonyo kinajizungusha kwenye kijiti cha jirani kama kidole cha mtoto kinavyoshika kidole cha mama yake. Ukikivuta unakisikia kikikatalia. Maua yakiwapo ni meupe yaliyofifia, madogo, yamejaa nyuzinyuzi katikati. Lebo za Baba zinasema "korongoni, nyuma ya mwamba", basi. Wakati ule kila mtu alijua ni mwamba gani.

Usikate tamaa kwa kupanda mara moja. Panda tena. Bwana Lenzi ameniambia leo, bila kuinua macho, kwamba asiyekuwapo na lake halipo, na kwamba hiyo ndiyo sheria ya watu na ya mimea. Nikatamani kumpiga kwa kabati.

Dada yako.


20 Mei

Dada,

Nimekaa kimya muda mrefu na najua umehesabu kila basi lililokuja bila barua yangu. Watoto wazima. Mama watoto mzima, ila hasemi sana siku hizi. Nimemaliza ile milango ya shule.

Sikutaka kukuandikia hili, lakini mama watoto kasema nisipoandika ataandika yeye, na mwandiko wake unaujua.

Mwezi uliopita Baba alipotea. Nilikuwa karakana, mama watoto alikuwa kisimani, na watoto walidhani amelala. Tulimtafuta siku nzima, majirani wote, hadi kwenye mashimo ya udongo, na nilichokuwa nikikiwaza pale ukingoni sitakiandika. Jua lilipokuwa linazama akarudi mwenyewe, anatembea taratibu kama mtu anayetoka kazini. Kiatu kimoja hana. Kiunoni na shingoni amejizungushia majani, mtambazi mrefu, kama kamba ya mizigo. Mikono, shingo na kifua vimeumuka malengelenge, mengine yamepasuka. Mimi nilikuwa bado sijarudi kutoka kumtafuta. Mama watoto alimvua yale majani kwa kijiti, akayatia jikoni yakaungua yote, maana aliogopa watoto wasiyaguse. Alifanya vizuri. Yeye mwenyewe vidole vilimwasha siku kadhaa.

Muuguzi alimpaka dawa nyeupe. Malengelenge yamekauka, yameacha mabaka. Kiatu hatujakipata.

Tangu siku ile nimeweka kufuli mlangoni, kwa nje. Nikienda kazini nafunga. Nimetengeneza milango ya nusu ya watu wa hapa, na sikudhani ipo siku nitautengeneza mmoja uwe wa kumfungia baba yangu. Haya, umejua sasa.

Kilimani nimepanda tena mara nyingi. Hakuna.

Mdogo wako.


27 Mei

Mdogo wangu,

Sina salamu leo, nisamehe. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Ni ule. Yale majani mliyochoma ndiyo yenyewe. Kwenye karatasi ya yule mgeni wa zamani, chini kabisa, kwa maandishi madogo, ameandika kwamba utomvu wake ukiwa mbichi unaunguza ngozi na wapagazi wake walitoka malengelenge. Niliisoma mwezi wa Februari. Sikukuandikia kwa sababu niliona si muhimu, nikahangaika na vikonyo. Majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu wangu ameshazaliwa na ameshaota meno. Usimlaumu wifi hata kidogo. Angejuaje?

Nisikilize sasa. Baba anajua ulipo. Hajui mwaka, hajui jina langu, lakini miguu yake imepanda hadi pale na kurudi. Kikao hakina hata wiki tano. Bwana Lenzi amejaribu kuwaomba wasogeze mbele, wamekataa, mitambo imeshakodiwa.

Mfungulie mlango. Mle stoo kuna zile mbao zake za kubania mimea, na kamba, na magazeti. Mpe mkononi, usimwambie kitu, aone ni asubuhi ya kazi. Ataondoka mwenyewe. Wewe mfuate kwa nyuma.

Nakuomba kwa jina la Mama. Hatuna njia nyingine, sina mbele wala nyuma.

Dada yako.


5 Juni

Dada,

Sisi wazima.

Unaniomba nimwachie mzee huyu njiani kama mbwa wa kuwinda, mimi nifuate harufu. Kile kilima kina utelezi sasa, mvua hazijakatika. Wewe hukumwona akirudi na ule mguu wazi. Hukumshika mikono wakati muuguzi anapaka dawa, naye anauliza kwa adabu kosa lake ni nini.

Unaandika mikono yake, miguu yake. Wewe unamjua Baba wa kwenye karatasi. Njoo umwone wa kwenye kitanda, kisha umfungulie mlango wewe.

Kuna jambo nilikuficha, na sasa sioni faida ya kulificha. Hata mimi hanijui. Tangu mwaka jana. Ananiita fundi. Anadhani nimekuja kutengeneza kitu hapa nyumbani, na kila jioni, nikishamlisha na kumvalisha nguo za kulalia, ananiambia, "Fundi, leo umechoka. Nenda kwenu, wazazi wako watakuwa na wasiwasi." Mimi namjibu, "Ndiyo mzee," natoka kibarazani, nakaa kidogo, kisha narudi ndani kwa mlango wa jikoni.

Wewe aliuliza mara moja, ukaondoka. Mimi naulizwa kila siku. Sikukwambia kwa sababu nilijua ukisikia kwamba hata mimi kanisahau, hutakuja tena kabisa.

Mlango haufunguliwi.

Mdogo wako.


12 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimekuwa nayo mfukoni siku nzima, na nimeharibu karatasi mbili za kazi.

Una haki. Usimfungulie. Nilichokuomba si kitu cha kuombwa, na uliyekuwa na akili kati yetu ni wewe. Acha kilima kiende. Tukihamishwa, tutajenga nyumba nyingine kwa vipimo vilevile, mlango palepale, ukuta palepale, na wewe ndiye fundi. Labda mikono yake itakubali.

Siku ile aliponiuliza mimi ni mgeni wa nani, nilimjibu, "Mgeni wako." Akanishukuru kwa kuja, akaniuliza kama kwetu ni mbali. Nikamwambia ni mbali sana. Ndipo nikaondoka. Nimeogopa tangu siku hiyo, na woga wangu umekaa mgongoni kwako na wewe hukulalamika.

Nimeomba ruhusa kazini. Wakinipa, nakuja kabla ya kikao, nitapanda kilima mwenyewe. Mlinde Baba. Kufuli iache palepale.

Dada yako.


13 Juni

Dada,

Natumaini u mzima. Sisi huku tuna la kusimulia, na pamoja na barua hii dereva wa basi atakupa furushi. Lipokee kwa mikono miwili, usilikunje.

Nilikuandikia kwa hasira, na hasira ilikuwa ya kweli. Ila juzi nilirudi mchana kuchukua randa niliyoisahau, nikamkuta Baba amesimama ndani, mlangoni. Anapapasa ubao kutoka juu hadi chini, anatafuta kitasa, taratibu, hana hasira. Nilipofungua akanitazama akasema, "Fundi, mlango huu umeutengeneza vibaya. Haufunguki." Nimesifiwa milango maisha yangu yote. Nikaliondoa kufuli na kulitupa chooni.

Jana asubuhi nikampa zile mbao. Nilidhani nitamfuata kwa nyuma kama ulivyosema. Hakuniachia nafasi. Alizitazama, akazigeuza, akakaza kamba, akavaa kofia yake, akaniambia, "Shika magazeti, usiyaloweshe." Basi nikatangulizana naye kama kibarua. Mtu anayesahau kama amekula alipanda kile kilima bila kuuliza njia. Kule juu kuna mwamba uliopasuka, mimi nimepita mbele yake mara zisizo idadi. Yeye akazunguka nyuma yake, akainama chini ya mizizi, akatokea upande wa pili, na mimi nikamfuata kwa tumbo. Kuna kakorongo kule ndani, dada, kadogo kama chumba chako. Na huo mmea umejaa kuanzia chini hadi juu. Nilishika kikonyo kama ulivyonielekeza, nikavuta, kikakatalia.

Safari hii alijifunga vitambaa mikononi kabla ya kukata, akanifunga na mimi. Kwa nini mara ya kwanza hakufanya hivyo sijui, labda hakuwa na wa kumfunga. Aliubana palepale, juu ya jiwe. Shina akalikunja. Jani moja akaligeuza tumbo juu, akanionyesha, akasema, "Hili ni la wale ambao hawajazaliwa."

Lebo kaiandika mwenyewe kwa penseli, kaikunja, kaitia katikati ya magazeti, akanikataza kuifungua, eti hiyo ni ya mkubwa wa kabati. Nimemtii.

Wakati wa kushuka mvua kubwa ilitukuta. Nilimbeba sehemu kubwa ya njia. Ni mwepesi, dada. Leo amelala, anakohoa kidogo. Anaendelea vizuri.

Mdogo wako.


2 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi, kwa watoto, kwa kuku wanaoshukiwa. Naandika huku nacheka na kulia, ukiona wino umechujuka usidhani ni mvua.

Furushi lilifika. Sikulifungua peke yangu, nilimwita Bwana Lenzi. Nilipofunua gazeti la mwisho nikaliona lile jani limelala tumbo juu. Yeye akaweka kioo chake jichoni, akalipitia tawi kutoka shina hadi ncha, kisha akafungua lebo, uso ukambadilika. Tarehe aliyoandika Baba ni ya zamani, ya mwaka ambao mimi na wewe hatujazaliwa. Kwake yeye ni mwaka ule bado. Bwana Lenzi akasema, "Wataniambia hii ni karatasi ya zamani umeichukua kabatini." Ndipo nikakimbia nikaleta zile mbili za Baba, nikaziweka kando ya hii. Zile zimekuwa rangi ya chai. Hii ni kijani, shina likibonyezwa bado lina unyevu. Alibeba zote tatu hadi kwenye kikao, kaziweka mezani mbele yao, akawaambia waguse.

Wameguswa, au wameogopa, sijui. Mitambo imesimamishwa. Watakuja wakaguzi waone mmea kwa macho yao, wewe uwaongoze hadi kwenye korongo. Ukiwaonyesha, basi kilima kinabaki, nyumba inabaki. Bwana Lenzi ameahidi kwa mdomo wake, na ni mtu asiyeahidi hata mvua wakati inanyesha.

Kuna jambo jingine, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu kabla ya kula. Lebo zote za zamani zina mistari ileile: mahali, tarehe, mkusanyaji. Chini yake kuna mstari wa msaidizi. Kwenye zile mbili za zamani Baba aliuacha mtupu, alikuwa akipanda peke yake. Kwenye hii ameandika, kwa penseli, herufi zinapanda na kushuka:

Msaidizi: mwanangu.

Nimeisoma hadi macho yakauma. Mwaka ule alioandika hakuwa na mtoto. Kwa hiyo hakuwa amepotea kabisa, ndugu yangu. Alijua aliyemshikia magazeti. Aliona aibu kukuita, au ulimi haukulipata neno, lakini mkono ulilijua. Nimeshaigundisha karatasi ile kwa mikono yangu, na lebo nimeishona pembe zote nne, haitatoka.

Msomee Baba barua hii. Msomee hata kama atauliza mimi ni nani. Ruhusa sikupewa kabla ya kikao, lakini sasa nakuja na gari la wakaguzi, kuna nafasi moja, tarehe kumi na tano. Nimemnunulia sweta la kijivu lenye vifungo vikubwa, vidole vyake vitaviweza. Safari hii chai nitainywa hadi mwisho.

Dada yako.


8 Julai

Dada,

Nimempa dereva barua hii akupe mkononi kabla hujapanda gari. Nilitaka uisome ukiwa chumbani kwako, umekaa, si uje umeshika sweta.

Baba hatunaye. Kile kikohozi kilishuka kifuani. Nilikwambia anaendelea vizuri kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Muuguzi alikuja asubuhi na jioni, mama watoto hakufumba jicho. Baba alifariki tarehe tatu, alfajiri, saa zake za kufagia. Tumemzika chini ya kilima, upande wa kwetu. Barua yako yenye habari ya ile lebo ilifika siku mbili baadaye.

Barua ya tarehe kumi na mbili, ya kuniambia nisimfungulie, ilifika tukiwa tumeshashuka. Usiibebe hiyo. Mlango niliufungua mwenyewe, na ungekuwa hapa ukamwona akipapasa, ungeufungua na wewe. Nimejiuliza kila namna. Angeishi zaidi ndani ya kufuli, hilo najua. Sijui zaidi ya hapo.

Wakaguzi waje, nitawaongoza. Jana nilipanda peke yangu, nikapita chini ya mizizi kwa tumbo. Mmea upo, na juu kabisa, kwenye jua, umeanza kuota mvi mapema. Nyumba itabaki. Tulikuwa tukiipigania ili asihamishwe, na yeye ndiye pekee aliyehama.

Usiku wa mwisho nilimvalisha nguo za kulalia, nikamfunika. Akanishika mkono akanitazama sana, nikadhani sasa ataniita. Akasema, "Fundi, leo ulale hapahapa. Njia ni mbaya." Nikalala chini, pembeni ya kitanda. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nimeshaitwa, na imeandikwa, na iko kwako kabatini. Barua yako nimemsomea pale alipolala, chini ya kilima, kwa sauti, kama ulivyoniambia. Watoto walidhani nimepata wazimu.

Sweta lete, Kiherehere atalikulia. Alama nyekundu ukutani nimeifuta mimi safari hii. Kila jioni nikirudi kutoka karakana nakaa kibarazani, sijui kwa nini, mwili umezoea. Nangoja mtu atoke aniambie nimechoka, niende kwetu, wazazi wangu watakuwa na wasiwasi. Hakuna anayetoka, dada. Njoo.

Mdogo wako.